Mita 584: kisa cha setilaiti mbili zilizogongana juu ya Siberia

Jumanne, tarehe 10 Februari 2009, saa 10:56 jioni kwa saa za Greenwich, setilaiti ya mawasiliano iitwayo Iridium 33 ilinyamaza. Ilikuwa nzima na iko kazini, mara ikakatika. Baadaye rada za Marekani zikaona vitu vingi mahali palipostahili kuwa na kitu kimoja. Vipande vile vilijigawa katika mawingu mawili: moja lilifuata njia ya Iridium 33, la pili likafuata njia ya Cosmos 2251, setilaiti ya Kirusi iliyokuwa imekufa miaka mingi nyuma.

Haikuwa mara ya kwanza kwa taka za angani kugonga kitu. Mwaka 1996 setilaiti ndogo ya Ufaransa, Cerise, ilikatwa mlingoti wake na kipande cha roketi ya Ariane. Lakini setilaiti mbili kamili kuvaana na kusambaratika zote, hilo lilikuwa jipya.

Kinachonirudisha kwenye kisa hiki kila mara si ukubwa wa ajali yenyewe. Ni kwamba ilikuwa imeandikwa. Mfumo unaoitwa SOCRATES, unaokokotoa kila siku ni vitu gani vitakaribiana huko juu, ulikuwa umeziweka hizi mbili kwenye orodha yake ukisema zitapishana kwa mita 584. Mwenye intaneti yeyote angeweza kuisoma. Hakuna aliyesogeza chochote, na nikisema kweli, hata ningekuwa mimi niko zamu siku ile nisingesogeza. Kwa nini? Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Mzima na mfu

Iridium 33 ilirushwa Septemba 1997 kwa roketi ya Proton kutoka Baikonur. Uzito wake ulikuwa kama kilo 560. Ilikuwa ndani ya kundi la setilaiti 66 zinazobeba simu na ujumbe popote duniani, hata katikati ya bahari au kwenye barafu ya ncha ya kusini. Wapenda nyota waliifahamu jamii hiyo kwa sababu nyingine kabisa: antena zake bapa ziling'aa kama kioo, na zikilipata jua kwa pembe fulani zilitoa mmweko wa sekunde chache, wakati mwingine mkali kuliko Zuhura. Watu walikuwa wakitoka nje usiku na saa mkononi kuusubiri.

Cosmos 2251 haikuwa na mashabiki. Ilikuwa setilaiti ya mawasiliano ya jeshi la Urusi, uzito kama kilo 900, iliyorushwa Juni 1993 kutoka Plesetsk. Kufikia 1995 ilikuwa imeacha kazi. Ikabaki mzoga unaozunguka, hausikii amri wala haujibu, na hata enzi za uhai wake haikuundwa kujisogeza. Miaka miwili ya kazi, halafu karibu miaka 14 ya kuzurura.

Njia zao zilikutania kaskazini, na kuna sababu. Setilaiti za Iridium hupita karibu kabisa na ncha za dunia. Ukizitazama njia zake ni kama mbavu za mwavuli: huku chini zimeachana, huko juu zote zinakutana. Cosmos 2251 nayo ilizunguka kwa mwinamo wa nyuzi 74 kutoka ikweta, maana yake ikifika kaskazini sana huanza kukata kona, ikawa inaelekea mashariki badala ya kupanda. Moja inapita kaskazini-kusini, nyingine inakata kwa ubavu. Juu ya rasi ya Taymyr, kaskazini mwa Siberia, kilomita 789 kutoka ardhini, zikakutana karibu kwa pembe mraba, kama magari mawili kwenye njia panda isiyo na taa.

Ila hapa mfano wa magari unaisha. Kila moja ilikwenda kilomita 7.5 hivi kwa sekunde, na mwendo wa kukutana ulikuwa kilomita 11.7 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kilo moja ya chuma inabeba nishati sawa na kilo 16 za baruti ya TNT. Setilaiti yenye urefu wa mita chache hupita urefu wake wote kabla hata sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde haijaisha. Moja ingechelewa kidogo tu, tuseme sehemu 1 ya 100 ya sekunde, ingekuta mwenzake yuko mita 75 mbele, na leo hakuna ambaye angezikumbuka. Watu husema anga ni pana, na ni kweli. Upana huo ndio uliokuwa ukitukinga miaka yote, si umahiri wetu.

Kwa nini mita 584 hazikumshtua mtu

Masimulizi mengi ya ajali hii hufanya haraka kutafuta mzembe. Orodha ilikuwepo, kampuni ya Iridium haikuchukua hatua, basi kosa ni la kampuni. Mimi naona hapana, au tuseme si kirahisi hivyo.

Tuanze na ile namba. Mita 584 haikuwa kipimo, ilikuwa makisio. Rada haiifuati setilaiti kila dakika. Inaiona inapokatiza, inaandika, kisha kompyuta inakadiria itakuwa wapi kesho na keshokutwa. Tarakimu zilizokuwa zikitolewa kwa umma, zile mistari miwili ya namba ambayo kila mfuatiliaji wa setilaiti anaijua, zingeweza kupotoka kwa mamia ya mita, hata kilomita kadhaa baada ya siku chache. Hewa nyembamba iliyobaki huko juu huvimba na kusinyaa kufuatana na hali ya jua, ikikivuta kila chombo kwa nguvu inayobadilika. Setilaiti hai nazo hujisogeza kidogo kidogo bila kumtangazia mtu. Kwa hiyo aliyesoma "mita 584" alipaswa kuelewa hivi: vitu hivi viwili vitapita ndani ya puto moja kubwa, na ndani ya puto hilo hatujui vitakuwa wapi.

Na kwa kasi ile, mita 584 hupitwa katika sehemu 1 ya 20 ya sekunde. Ndilo kosa lililotosha kugeuza kupishana kuwa kugongana.

Kisha kuna wingi. Siku ile ile, kwenye orodha ile ile, walikuwepo wengine waliotabiriwa kukaribiana zaidi ya hapo. Jozi yetu haikuwa hata kwenye kumi za kwanza. Mwaka 2007 afisa wa Iridium alieleza hadharani kwamba kampuni ilikuwa ikipata wastani wa taarifa 400 kwa wiki za vitu vinavyopita ndani ya kilomita 5 kutoka setilaiti zake. Mia nne, kila wiki! Piga picha uko kwenye kiti kile. Ukiamua kukwepa kila onyo, mafuta yanaisha na setilaiti inakufa kabla ya wakati wake. Ukiikwepesha hii, huenda umeisogeza kwenye njia ya kitu kingine ambacho nacho hujui kiko wapi hasa. Ukikaa kimya, kwa miaka zaidi ya kumi ukimya umekulipa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angezoea.

Inayoniuma zaidi ni hesabu nyingine. Kukwepa kwenyewe kulikuwa rahisi kupita kiasi. Setilaiti ikisukumwa mbele au nyuma kwenye njia yake kwa sentimita 1 tu kwa sekunde, saa 24 kabla, itafika kwenye njia panda ikiwa zaidi ya kilomita 2 kando na pale ilipotarajiwa. Sentimita 1 kwa sekunde: kobe akiwa hana haraka anakupita. Injini ndogo za Iridium 33 zingefanya kazi hiyo kwa mafuta kiduchu. Ghali haikuwa dawa. Ghali ilikuwa kujua mgonjwa ni yupi kati ya wale 400.

Tarakimu bora zaidi zilikuwepo. Jeshi la Marekani, lenye mtandao mkubwa kuliko wote wa rada na darubini, lilikuwa na takwimu sahihi kuliko zile za umma, lakini uchunguzi wa kina lilikuwa likiufanya kwa vyombo vichache ilivyovijali, vikiwemo vya kijeshi na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Setilaiti ya biashara iliyokutana na mzoga wa nchi nyingine haikuwa kazi ya mtu. Urusi haikuwa na la kuufanya mzoga wake. Iridium haikuwa na macho makali. Aliyekuwa na macho hakuwa amepewa jukumu. Hapo ukimtafuta mzembe mmoja utazunguka mpaka uchoke.

Baada ya hapo

Ajali ile haikuwa na kishindo, maana huko hakuna hewa ya kupeleka sauti. Iliacha zaidi ya vipande 2,000 vikubwa vya kutosha kuonekana na rada, yaani kuanzia kama sentimita 10, na vidogo visivyohesabika. Kipande cha sentimita 1 rada za kawaida hazikioni, lakini kikikugonga kinatosha kuua setilaiti. Kwa makadirio ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, vya ukubwa huo na zaidi vinavyozunguka dunia, kutoka kila chanzo, sasa vimepita milioni 1 kwa jumla.

Ubaya wa kilomita 789 ni kwamba hewa ya kuviteremsha ni haba mno. Kitu kikiachwa kilomita 400 kitaanguka na kuungua ndani ya mwaka mmoja au michache. Kikiachwa karibu 800 kinaweza kukaa miongo mingi, kikiwa kizito hata zaidi ya karne. Ndiyo maana tarehe 24 Machi 2012, miaka mitatu baadaye, wanaanga sita wa Kituo cha Kimataifa walilazimika kuingia kwenye vyombo vyao viwili vya Soyuz na kujifungia, tayari kukimbia, kwa sababu kipande cha Cosmos 2251 kilikuwa kinakuja na muda wa kukisogeza kituo haukutosha. Kipande hicho kilikuwa kimeshuka nusu ya njia. Kilipita. Wakatoka, wakaendelea na kazi.

Mwezi Januari 2007 China ilikuwa imeilipua kwa kombora setilaiti yake ya hali ya hewa, Fengyun-1C, na kuzaa vipande zaidi ya 3,000 kwenye tabaka lile lile la juu. Matukio mawili tu, ndani ya miezi 25, vipande zaidi ya 5,000 vya kufuatiliwa. Moja lilikusudiwa, lingine halikukusudiwa, na setilaiti inayopita pale leo haijui tofauti.

Donald Kessler na Burton Cour-Palais waliliandika mapema, mwaka 1978: vitu vikizidi, vitagongana; vipande vitagonga vingine; itafika mahali taka zinazaana zenyewe hata tukiacha kurusha. Wengi huuchukulia mchakato huo kama baruti, mlipuko mmoja wa jioni moja. Sivyo. Unafanana zaidi na kutu. Unakwenda kwa miongo, na anayeweka saini ya kibali cha kurusha leo atakuwa amestaafu zamani.

Nani alipe?

Hapa sheria inashangaza kidogo. Kwa Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972, kitu cha angani kikianguka na kuharibu mali ardhini, nchi iliyokirusha inalipa, iwe ilikosea au haikukosea. Ndivyo ilivyokuwa Januari 1978 setilaiti Cosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia ndani, ilipoangukia kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola zake milioni 6 na kidogo kwa gharama za kusafisha. Muungano wa Sovieti ukalipa milioni 3 mwaka 1981.

Uharibifu ukitokea huko huko juu, mambo yanageuka: lazima kosa lithibitishwe. Sasa kosa la nani? Urusi ingesema hakuna sheria iliyoilazimisha kuondoa mzoga wake, na ingekuwa sahihi. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza taka za angani ilipitishwa 2007, ni ya hiari, na ilipozaliwa Cosmos 2251 ilikuwa imekufa miaka 12. Urusi ingeweza hata kugeuza kibao: mwenye usukani ni wewe, mbona hukukwepa? Iridium nayo ingejibu kwamba hakuna sheria ya barabarani kule juu inayosema nani ampishe nani. Hakuna aliyedai, hakuna aliyelipa.

Lipo na lingine linalowashangaza wengi. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema kitu kinabaki mali ya mwenyewe hata kikiwa huko. Mzoga haugeuki kuwa wa aliyeuokota. Ukitaka kuuteremsha mzoga wa nchi nyingine ili kuokoa setilaiti yako, ni lazima uombe ruhusa kwanza, hata kama mwenye mali hana tena habari nao.

Kilichorekebishwa

Iridium ilijaza pengo haraka: setilaiti ya akiba, Iridium 91, ilisogezwa na kufikia tarehe 4 Machi ikawa imeshika nafasi ya marehemu. Jeshi la Marekani likapanua uchunguzi hadi setilaiti zote hai za kila mtu, likawa linatuma maonyo hata kwa wamiliki wa Urusi na China. Kampuni kubwa za setilaiti zikaanzisha mwaka huo huo chama cha kubadilishana takwimu za njia zao, Space Data Association. Haya, kwa maoni yangu, ndiyo mafanikio halisi ya ajali ile. Yaligusa ugonjwa wenyewe: kila chombo hai kikapata mtu wa kukiangalia kwa macho makali.

Kwa wafu hali ni nyingine. Kwa muda mrefu desturi iliruhusu setilaiti kubaki juu miaka 25 baada ya kazi kuisha. Mwaka 2022 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaishusha hadi miaka 5 kwa setilaiti za njia ya chini. Mwaka 2023 tume hiyo ikatoza faini ya kwanza ya aina yake, dola 150,000, kwa kampuni ya Dish: setilaiti yake EchoStar-7, ya njia ya mbali sana ambako wafu husukumwa juu badala ya kuteremshwa, ilipaswa kupandishwa kilomita 300 juu ya njia ya kazi, mafuta yakaisha ikiwa kilomita 122 tu. Kwa kampuni ya ukubwa ule pesa hiyo haiumi. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kusikia kwamba kutopiga hesabu ya mafuta ni kosa lenye bei.

Na kufagia? Hapo ndipo wengi huchangamka: nyavu, mikuki, mikono ya roboti. Si ndoto. Mwaka 2018 jaribio la RemoveDEBRIS lilitupa wavu na kunasa shabaha iliyojitoa yenyewe. Januari 2022 setilaiti ya China, Shijian-21, iliikokota setilaiti ya urambazaji ya Beidou iliyokufa na kuitupa juu zaidi, mbali na wenzake. Mwaka 2024 chombo cha Japani, ADRAS-J, kilisogea hadi mita 15 kutoka mwili wa roketi kuukuu wa H-IIA, kikaupiga picha. Picha zile nimezitazama mara nyingi. Pipa kubwa, rangi bado ipo, limetulia kana kwamba linasubiri kuchukuliwa. Halikuchukuliwa, safari ile ilikuwa ya kutazama.

Bei ndiyo inayonikatisha tamaa. Mwaka 2020 ESA ilisaini na kampuni ya Uswisi, ClearSpace, mkataba wa euro milioni 86 wa kuondoa kitu kimoja. Upande wa pili wa meza, mwishoni mwa 2019, bosi wa Iridium, Matt Desch, aliulizwa angelipa kiasi gani kuondolewa setilaiti zake 30 za kizazi cha kwanza zilizofia juu. Akataja kama dola 10,000 kwa kila moja. Sio uchoyo. Kwa hesabu za kampuni, hatari ya mzoga mmoja kuigonga mali yake mwenyewe ni ndogo; anayebeba hatari ni kila mtu, na kila mtu hana hundi ya kuandika. Pengo kati ya 10,000 na milioni 86 ndilo linaloeleza kwa nini mizoga bado iko juu.

Kampuni hiyo hiyo ilipobadilisha kundi lake zima kati ya 2017 na 2019, setilaiti za zamani zilizokuwa bado zinasikia ziliteremshwa kwa mafuta yao wenyewe na kuungua hewani. Ile mimweko ya usiku ikaisha nazo. Hakukuhitajika roboti wala wavu, ilihitajika amri kutumwa wakati mgonjwa bado anapumua. Ningekuwa na kura moja ya kupiga, ningeiweka hapo: kibali cha kurusha kiambatane na pesa iliyowekwa rehani, mwenye setilaiti airudishiwe siku inapoungua. Na ile mizoga mizito ya zamani, hasa miili ya roketi, nchi zilizoirusha ziichangie zenyewe. Soko halitafanya hilo.

Tarehe 28 Februari 2024, setilaiti ya utafiti ya NASA iitwayo TIMED, iliyo hai lakini haina injini ya kujisogeza, ilitabiriwa kukutana na mzoga wa Kirusi, Cosmos 2221, kwa kimo cha kilomita 600 hivi. Safari hii macho makali yalikuwepo, onyo lilikuwa sahihi, na kila aliyepaswa kujua alijua. Hakukuwa na cha kusogeza upande wowote. Zilipishana, na hesabu zilizofanywa baadaye zikaonyesha umbali uliozitenganisha haukufika mita 10. TIMED ikaitwa, ikaitika. Cosmos 2221 bado inazunguka.